Kupata Dawa ya Tezi Isiyo na Viambato Usivyovimudu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Mtu aliyepungukiwa na homoni ya tezi ya thairoidi, awe alizaliwa hivyo, alifanyiwa upasuaji wa rovu, au tezi yake imeshambuliwa na kinga ya mwili wake mwenyewe, kwa kawaida humeza levothairoksini kila siku kwa maisha yake yote. Homoni iliyomo katika dawa hiyo ni sawa na ile ambayo tezi yenyewe huitoa, kwa hiyo ni nadra sana mwili kuikataa. Pale mwili unapokataa, mara nyingi chanzo huwa ni vitu vingine vilivyochanganywa katika kidonge, na kwa bahati nzuri vitu hivyo hutofautiana kutoka kiwanda kimoja hadi kingine. Majibu yafuatayo yanahusu namna ya kuvitambua na kuviepuka bila kuukosesha mwili homoni unayoihitaji.

Kidonge cha tezi kina nini ndani yake zaidi ya homoni?

Dozi za levothairoksini hupimwa kwa maikrogramu. Kidonge cha maikrogramu 100 kina sehemu moja ya kumi ya miligramu ya homoni, kiasi kidogo mno kuweza kushikwa kwa vidole, na ndiyo sababu kiwanda hulazimika kukichanganya na vitu vya kukipa umbo na uzito. Ikiwa kidonge kizima kina miligramu 100 hivi, basi homoni ni sehemu moja tu ya elfu. Zinazobaki ni sukari ya maziwa iitwayo laktosi au mbadala wake manitoli, wanga wa mahindi, selulosi, gundi ya mgunga, jelatini, povidoni, stearati ya magnesi inayozuia unga kunata kwenye mashine, na mara nyingine rangi.

Mchanganyiko hutofautiana sana. Synthroid inayouzwa Marekani ina laktosi, gundi ya mgunga na sukari ya unga. Levoxyl, ya Marekani pia, haina laktosi. Msingi wake ni selulosi. Euthyrox ya mchanganyiko mpya wa kampuni ya Merck ya Ujerumani ina manitoli, wanga wa mahindi, jelatini na asidi ya sitriki mahali pa laktosi. Zote tatu zina homoni ileile, lakini kwa mtu mwenye tatizo na kiambato fulani, ni dawa tatu tofauti.

Nitajuaje kwamba kinachonisumbua ni kiambato na si dozi?

Swali hili ndilo la kwanza kujibiwa, kwa sababu watu wengi hubadilisha chapa mara kadhaa wakitafuta kidonge kisicho na kitu fulani, ilhali tatizo lao tangu mwanzo lilikuwa ni dozi kubwa au ndogo kupita kiasi.

Kigezo kizuri ni muda. Nusu ya levothairoksini uliyomeza leo bado imo mwilini baada ya wiki moja hivi, na kiwango katika damu huchukua takriban wiki sita kutulia baada ya dozi kubadilishwa. Kwa sababu hiyo, dalili za homoni kuzidi, yaani moyo kwenda mbio, mikono kutetemeka, jasho, kukosa usingizi, kuharisha na kupungua uzito, hujengeka polepole na hazifuati saa ya kumeza kidonge. Dalili za homoni kupungua, kama uchovu, baridi, kufunga choo, ngozi kukauka na nywele kukatika, nazo huja polepole vilevile. Mwitikio dhidi ya kiambato kwa kawaida huja karibu na kidonge chenyewe: muwasho, vipele au uvimbe ndani ya dakika au saa chache, au tumbo kujaa gesi na kusokota asubuhi hiyohiyo, na hali hiyo hujirudia kila siku kwa mpangilio uleule. Andika kwenye daftari saa uliyomeza dawa, ulichokula, dalili ilianza saa ngapi na iliisha lini. Daftari la wiki mbili au tatu humsaidia daktari kuliko maelezo marefu ya kukumbuka.

Kabla ya kulaumu kiambato, pima TSH, yaani homoni ya ubongo inayoiamrisha tezi, ambayo hupanda homoni ya tezi inapopungua na hushuka inapozidi. Ikiwa imetoka nje ya kiwango kinachotakiwa, dozi irekebishwe kwanza, kisha dalili zitazamwe upya. Zingatia pia kwamba vidonge vya vitamini vya kukuza nywele na kucha mara nyingi huwa na bayotini nyingi, na bayotini inaweza kupotosha majibu ya vipimo vya tezi katika baadhi ya mashine za maabara, hivyo mweleze mhudumu wa maabara ikiwa unavitumia. Kwa kawaida hushauriwa kuviacha angalau siku mbili kabla ya kutolewa damu.

Jambo jingine linalosahaulika ni kwamba vipele vya muwasho vinavyodumu kwa wiki nyingi huwapata zaidi watu ambao tezi zao zimeshambuliwa na kinga ya mwili. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa na vipele kutokana na ugonjwa wenyewe, akakilaumu kidonge kisicho na hatia.

Je, niache dawa kwa muda nione kama dalili zitaisha?

Hapana, usiache kwa uamuzi wako mwenyewe. Kwa kuwa dawa hukaa mwilini muda mrefu, siku mbili tatu bila kidonge hazitakupa jibu la kuaminika, na wiki nyingi bila kidonge zitakurudisha kwenye ugonjwa. Kwa mjamzito hatari ni kubwa zaidi, kwani mahitaji ya homoni huongezeka tangu wiki za mwanzo za mimba na ubongo wa mtoto aliye tumboni huitegemea homoni ya mama. Mtoto mchanga aliyezaliwa bila tezi inayofanya kazi naye hapaswi kukosa dozi hata kama kiambato fulani kinatiliwa shaka. Daktari ndiye atakayempa mbadala.

Hali moja tu haisubiri miadi: midomo, ulimi au koo vikivimba, au pumzi ikibana baada ya kumeza kidonge, usimeze kingine, nenda hospitali mara moja na ubebe paketi ya dawa.

Orodha ya viambato inapatikana wapi?

Imo katika karatasi ya maelezo iliyokunjwa ndani ya paketi, karibu na mwisho, chini ya maneno kama *Excipients*, *Inactive ingredients* au *What this medicine contains*. Tatizo la maduka mengi ya dawa ya mitaani kwetu ni kwamba vidonge huuzwa kwa kuhesabiwa, vikawekwa kwenye bahasha ndogo ya karatasi, na karatasi ya maelezo ikabaki dukani. Mwenye tatizo na kiambato anunue paketi nzima iliyofungwa, au amwombe mfamasia amwoneshe karatasi hiyo na kuipiga picha kwa simu.

Soma pia jina la kiwanda na nchi kilipo, si jina la chapa peke yake. Jina moja la biashara linaweza kubeba michanganyiko tofauti katika nchi tofauti au katika miaka tofauti, kwa hiyo orodha uliyoipata mtandaoni ikihusu paketi ya Marekani au Uingereza haithibitishi chochote kuhusu paketi uliyonunua Mwanza au Mombasa. Kwa dawa zinazouzwa Marekani, tovuti ya DailyMed ya Maktaba ya Taifa ya Tiba ya nchi hiyo huonesha viambato vyote vya kila bidhaa bila malipo. Kwa nyingine, mwandikie mtengenezaji kwa anwani iliyo kwenye paketi. Kampuni kubwa huwa na dawati la kujibu maswali ya aina hii.

Maziwa hunisumbua tumbo. Je, laktosi iliyomo kwenye kidonge inatosha kuniumiza?

Kwa watu wengi haitoshi. Glasi ya maziwa ya mililita 250 ina takriban gramu 12 za laktosi, na kidonge kizima cha tezi kina uzito wa karibu sehemu moja ya kumi ya gramu, kwa hiyo hata kama kingekuwa laktosi tupu kisingefikia sehemu moja ya mia ya glasi hiyo. Watu wazima wengi wa Afrika Mashariki hupoteza uwezo wa kumeng'enya laktosi wanapokua, ingawa katika jamii za wafugaji wa Kenya na Tanzania wapo wengi wanaobaki nao, na wengi wa hao waliopoteza uwezo huo hunywa chai ya maziwa kidogo bila taabu. Mtu wa namna hiyo akipata gesi kali baada ya kidonge kimoja, ni vema atazame kwanza kile anachokula nacho.

Hata hivyo, zipo sababu za kweli za kuiepuka laktosi. Mwenye galaktosemia, ugonjwa wa kurithi ambao mwili hushindwa kuitumia galaktosi iliyo sehemu ya laktosi, hapaswi kuipata bila mwongozo wa daktari. Mtu anayemeza dawa nyingi kwa siku, nyingi zikiwa na laktosi, hupata jumla kubwa kuliko anavyodhani. Uchambuzi wa watafiti wa Boston uliochapishwa mwaka 2019 ulikuta kwamba karibu asilimia 45 ya dawa za kumeza walizozichunguza zilikuwa na sukari hiyo. Aidha, kuna tafiti zilizoonesha kwamba baadhi ya wagonjwa wenye kutovumilia laktosi huhitaji dozi kubwa zaidi ya levothairoksini ili TSH yao ishuke, na kwamba walipopunguza laktosi katika chakula TSH ilishuka bila dozi kuongezwa. Kwa hiyo mgonjwa ambaye dozi yake inapandishwa kila mara pasipo mafanikio ana haki ya kuuliza kuhusu laktosi, hata kama tumbo lake limetulia.

Mzio wa maziwa ni jambo tofauti, kwa kuwa chanzo chake ni protini ya maziwa, wakati laktosi ni sukari. Laktosi ya viwandani husafishwa, lakini mwenye mzio mkali amweleze daktari ili achaguliwe kidonge kisicho nayo.

Na glutini je?

Wanga unaotumika zaidi katika vidonge vya tezi ni wa mahindi, ambao hauna glutini, yaani protini ya ngano na shayiri. Hata hivyo, mgonjwa wa seliaki, ambaye utumbo wake hudhuriwa na glutini, aulize wanga ulioandikwa umetokana na nini pale ambapo chanzo hakikutajwa. Ningependa zaidi daktari aikumbuke seliaki kwa sababu nyingine: ugonjwa huo huambatana na shambulio la kinga dhidi ya tezi mara nyingi kuliko inavyotarajiwa kwa bahati tu, na huharibu sehemu ya utumbo inayofyonza levothairoksini. Dozi inayohitajika ikiwa kubwa kupita kawaida, mgonjwa apimwe seliaki kabla ya kudhaniwa kwamba hamezi dawa.

Nadhani rangi ndiyo inayonipa vipele. Nifanyeje?

Marekani, vidonge vya levothairoksini hupakwa rangi tofauti kwa kila dozi ili visichanganywe, isipokuwa kidonge cha maikrogramu 50, ambacho ni cheupe na hakina rangi. Madaktari wa huko huutumia ukweli huo kwa njia rahisi: anayehitaji maikrogramu 100 hupewa vidonge viwili vya 50, na anayehitaji 75 hupewa kimoja na nusu. Vidonge vingi vya Ulaya ni vyeupe kwa dozi zote, Euthyrox ikiwemo. Njia ya vidonge vya 50 pia ni kipimo kizuri, kwa sababu chapa inabaki ileile, viambato vingine vinabaki vilevile, na kinachoondoka ni rangi peke yake. Vipele vikiisha, umepata jibu.

Mimi ni Mwislamu. Je, dawa ya tezi ina kitu cha nguruwe?

Levothairoksini yenyewe hutengenezwa maabara na haitokani na mnyama. Pa kuangalia ni jelatini, ambayo huweza kutoka kwa ng'ombe au nguruwe, na stearati ya magnesi, ambayo huweza kutoka kwa mimea au wanyama. Paketi kwa kawaida haitaji asili yake, kwa hiyo jibu la uhakika hutolewa na mtengenezaji kwa maandishi. Chapa zisizo na jelatini zipo, na kwa anayetaka utulivu wa moyo hizo ndizo za kuulizia kwanza.

Dawa ya tezi iliyokaushwa, kwa mfano Armour Thyroid ya Marekani, ni jambo jingine kabisa: hiyo hutengenezwa kwa tezi za nguruwe. Husifiwa sana mtandaoni kuwa ni ya asili, lakini haijawahi kuidhinishwa na mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, na nayo ina viambato vyake vya ziada. Anayeikimbilia ili aepuke viambato huenda akakutana na vingine.

Je, nitakuwa na mzio wa madini joto yaliyomo kwenye homoni?

Hapana. Madini joto ni sehemu ya homoni ambayo mwili wa kila mtu huitengeneza. Aliyewahi kupata mwitikio mbaya wa dawa yenye madini joto inayochomwa wakati wa kupigwa picha hospitalini, au wa kamba, kaa na chaza, hana sababu ya kuiogopa levothairoksini.

Kuna dawa yenye viambato vichache kabisa?

Ipo. Tirosint, inayotengenezwa na kampuni ya IBSA ya Uswisi, ni kapsuli laini yenye levothairoksini, jelatini, gliserini na maji tu. Ndugu yake wa maji, Tirosint-SOL, ana homoni, gliserini na maji, bila hata jelatini. Kwa mtu mwenye mzio wa vitu vingi, au ambaye ameshindwa kujua ni kipi kinachomdhuru, dawa hizi ni msaada mkubwa, kwa sababu orodha ni fupi kiasi kwamba hakuna pa kujificha. Kikwazo ni bei, ambayo ni kubwa kuliko ya vidonge, na upatikanaji. Usitarajie kuikuta katika duka la kawaida la dawa Dodoma au Kisumu. Uingereza kuna njia ya kati: tangu mwaka 2016 kampuni ya Teva imekuwa ikiuza huko kidonge kisicho na laktosi, chenye manitoli badala yake.

Rafiki akikushauri umwombe mfamasia akuchanganyie kapsuli yako mwenyewe, fahamu kwamba kupima maikrogramu kwa usahihi kunahitaji vifaa na ukaguzi wa hali ya juu, na tofauti ndogo ya dozi katika dawa hii huleta madhara. Binafsi ningeiweka njia hiyo mwisho kabisa.

Je, nikikisaga kidonge kiambato kitapungua?

La. Kusaga na kuchanganya na maji kidogo ni njia halali ya kumpa mtoto dawa, mradi inywewe papo hapo, lakini viambato vyote vinabaki.

Nimesikia kwamba Ufaransa watu wengi waliugua baada ya mchanganyiko kubadilishwa. Ilikuwaje?

Mwaka 2017 Merck ilibadilisha Levothyrox inayouzwa Ufaransa, ikaondoa laktosi na kuweka manitoli na asidi ya sitriki. Mamlaka ya dawa ya nchi hiyo ndiyo iliyokuwa imetaka dawa iboreshwe, ili kiasi cha homoni kisipungue kidonge kinapokaa dukani. Watumiaji walikuwa takriban milioni tatu na wengi wao hawakuelezwa vya kutosha. Ndani ya miezi michache maelfu waliripoti uchovu, kizunguzungu, maumivu ya misuli na nywele kukatika, na kabla ya mwaka kuisha mchanganyiko wa zamani ukalazimika kuagizwa tena kutoka nje.

Mamlaka hazikukuta sumu katika kidonge kipya. Mwaka 2019 watafiti wa Toulouse waliupitia upya utafiti wa kampuni uliolinganisha kiwango cha homoni katika damu ya watu 204 waliomeza kidonge cha zamani na kipya, wakaonesha kwamba ingawa wastani wa vidonge viwili ulilingana, zaidi ya nusu ya watu mmoja mmoja walikuwa nje ya mipaka ya ulinganifu huo. Wataalamu wengine wakajibu kwamba mtu yuleyule akimeza kidonge kilekile mara mbili pia hapati kiwango sawa. Mjadala huo haujafuta ukweli mmoja wenye maana kwa mgonjwa: kulingana kwa wastani hakumhakikishii mtu mmoja kwamba dozi yake itabaki ileile. New Zealand ilipitia hali inayofanana baada ya Eltroxin, chapa nyingine ya levothairoksini, kubadilishwa mchanganyiko mwaka 2007. Na Uingereza, mwaka 2021, mamlaka ya dawa, MHRA, iliwashauri madaktari kwamba mgonjwa anayepata dalili kila anapobadilishiwa kidonge afikiriwe kuandikiwa bidhaa moja maalumu. Mgonjwa anayelalamika baada ya kubadilishiwa chapa anastahili kusikilizwa na kupimwa.

Nimepata chapa inayonifaa. Nihame vipi?

Hama kwa dozi ileile, badilisha kitu hicho kimoja tu, na upime TSH baada ya wiki sita hadi nane. Usianze wakati huohuo vidonge vya madini ya chuma, kalsiamu au dawa za kiungulia, kwa kuwa hizo huizuia levothairoksini kufyonzwa. Zikihitajika, ziachane nayo kwa saa nne. Endelea kumeza kwa maji matupu asubuhi, nusu saa hadi saa nzima kabla ya chai. Ukibadilisha kidonge, chakula na saa kwa pamoja, hutajua kipi kilikusaidia.

Mwombe daktari aandike kwenye cheti jina la chapa na la kiwanda pamoja na maneno ya wazi kwamba isibadilishwe kwa sababu ya kutovumilia kiambato fulani. Dukani, taja kiambato kabla ya kulipa: "Naomba levothairoksini isiyo na laktosi, na ningependa kuiona karatasi yake."

Ndugu yangu yuko London. Je, aniletee dawa kutoka huko?

Inawezekana, lakini fikiria mwezi wa saba wa kuitumia kabla ya kufurahia ule wa kwanza. Chapa inayofaa kwa wastani na inayopatikana kila mwezi karibu nawe ni bora kuliko iliyo bora kabisa ikiwa itategemea safari za watu, kwa sababu kila inapokatika utahama tena na kiwango cha homoni kitayumba. Ukiamua hivyo, dawa isafiri ndani ya paketi yake, pamoja na cheti cha daktari, na uulize mamlaka ya dawa ya nchi yako mapema kuhusu kiasi kinachoruhusiwa kwa matumizi binafsi. Levothairoksini huharibiwa na joto, mwanga na unyevu, na vidonge vingi vinatakiwa kukaa chini ya nyuzi 25. Katika joto la Dar es Salaam au Zanzibar, kabati lililo mbali na jiko na bafu, vidonge vikiwa ndani ya kifungashio chake, ni bora kuliko dirishani au ndani ya gari.

Nikipata madhara, niripoti wapi?

Tanzania Bara, ripoti kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA. Kenya, kwa Bodi ya Famasia na Sumu. Uganda, kwa Mamlaka ya Taifa ya Dawa. Mfamasia au daktari anaweza kuijaza fomu kwa niaba yako. Taja jina la chapa, kiwanda, namba ya toleo iliyochapishwa kwenye paketi, tarehe ya kuisha muda, siku uliyoanza kuitumia na siku dalili zilipoanza, na usiitupe paketi hadi utakapopata majibu.